Gauni la Kijani Juu ya Goti

Kanga huuzwa doti. Mama wa binti yangu alipoondoka nyumbani kwetu Tabata mwaka 2011 alichukua vitu vyake vyote, bila ugomvi, dada yangu akimsaidia kufunga mabegi. Siku ya tatu nilipokwenda uani kuanua nguo, nikakuta nyuma ya shuka langu kipande kimoja cha kanga. Pindo jekundu, mji mweupe, jina limefifia kwa kufuliwa hadi halisomeki. Kipande cha pili kilikuwa kimeshakwenda naye. Nilikikunja nikakiweka kabatini, juu ya nguo zangu, na kwa miezi mingi kila nilipofungua kabati nilikutana nacho kwanza.

Julai 2012, mshikaji wangu mmoja akanionyesha kwenye simu jalada la albamu mpya ya Nas, mchanaji wa Marekani. Nas amekaa kwenye kochi, peke yake, na juu ya goti lake limelazwa gauni la kijani. Lilikuwa gauni la harusi la Kelis, mwanamuziki aliyefunga naye ndoa mwaka 2005. Kelis aliomba talaka mwaka 2009 akiwa mjamzito, ikakamilika mwaka uliofuata. Nas mwenyewe alieleza kwamba gauni lile ndicho kitu pekee mkewe alichokiacha ndani ya nyumba. Mshikaji aliendelea kuongea, nadhani alikuwa anasifia nani na nani wameshirikishwa. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile goti.

Albamu yenyewe inaitwa Life Is Good, yaani maisha ni matamu, na nimeisikiliza kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Naiita klasiki. Najua wengi hawakubali, na kijiwe chetu kina kesi hii tangu enzi hizo: je, mkongwe wa rap anaweza kutoa klasiki akiwa mtu mzima, au klasiki zote hutoka ujanani na zinazofuata ni heshima tu tunayompa mzee wetu?

Wanaosema hawezi wana hoja, nami nitaieleza kwa haki. Rap ni njaa, wanasema. Nas alitoa Illmatic, albamu yake ya kwanza, Aprili 1994 akiwa na miaka 20. Alikuwa anaishi Queensbridge, mradi mkubwa wa nyumba za serikali kule Queens, New York, majengo 96 ya matofali yaliyopangwa pembeni ya mto. Rafiki yake wa karibu aliuawa kwa risasi mwaka 1992. Kijana wa namna ile hana pa kukimbilia, kwa hiyo kila anachokiona anakishika na kukigeuza mstari. Mpe miaka ishirini, mpe nyumba, mpe mwanasheria na dereva, halafu mwambie aandike. Ataandika nini?

Illmatic niliipata kwenye kanda, Tanga, Ngamiani, nikiwa kidato cha pili. Kaka wa rafiki yangu alikuwa baharia, alirudi nayo, tukairudufu juu ya kanda ya dakika 60 ya shangazi yangu iliyokuwa na taarabu. Illmatic haifiki dakika 40. Kwa hiyo kila upande ulipokwisha, zile dakika kumi zilizobaki ikarudi taarabu ya shangazi, katikati ya ubeti, kana kwamba mtu kafungua mlango wa chumba cha pili. Mpaka leo nikiisikiliza Illmatic, wimbo wa tano ukimalizika sikio langu linasubiri fidla. Tulirudisha kanda kwa kalamu ya BIC ili kuokoa betri. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, tukaandika mistari kwenye daftari kwa tulivyosikia, na nusu ilikuwa si kweli. Lakini sauti tuliielewa. Ilikuwa sauti ya kijana anayeona vitu vingi kuliko umri wake.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wenzangu wa kijiweni. Wao wanadhani kilichofanya Illmatic kuwa vile ni ujana. Mimi nadhani ni kuona. Na kuona hakuishi kwa sababu mtu kafika miaka 38; kinachotokea ni kwamba wengi wakifika huko wanaacha kuangalia walipo, wanaendelea kuchana juu ya mtaa waliohama miaka kumi na tano iliyopita. Mistari inabaki mikali, vina vinakaa sawa, ila hakuna mtu ndani yake. Nas mwenyewe alipita hapo, na kuna albamu zake za katikati ambazo sijawahi kuzirudia.

Isitoshe, sisi Waswahili hatuna desturi ya kudhani kwamba tungo ni kazi ya vijana. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake, na miaka michache baadaye akafariki. Utendi ule ni miongoni mwa tungo zinazojulikana zaidi kwenye pwani yote hii. Hakuna aliyewahi kusema mama yule alikuwa amepitwa na wakati. Alikuwa na jambo la kumwambia mwanawe na muda ulikuwa mfupi.

Basi turudi kwenye albamu. Nyimbo ni 14. Kazi kubwa ya biti imefanywa na watu wawili, Salaam Remi aliyekuwa na Nas kwa miaka mingi, na No I.D., prodyuza wa Chicago ambaye miaka ya 90 alitengeneza kazi za mchanaji Common na ndiye aliyemlea Kanye West kwenye ufundi huu. Nas amelalamikiwa maisha yake yote kwamba hajui kuchagua biti. Hapa hakuna wa kulalamika, isipokuwa wimbo mmoja ambao nitaufikia.

Wimbo wa pili unaitwa Loco-Motive. Illmatic ilifunguka kwa mlio wa treni, ile inayopita juu ya mitaa ya New York. Miaka 18 baadaye Nas anarudi kwenye treni, na kando ya No I.D. amemleta prodyuza Large Professor, yule yule aliyempa kipaza sauti kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kutengeneza sehemu ya Illmatic. Biti ni nzito na haina mapambo. Mwishoni Nas anasema kwamba wimbo huu ni wa wale wenzake walionasa kwenye miaka ya 90. Anasema akiwa anacheka kidogo. Nimeusikiliza mwisho ule mara nyingi, na ninachokisikia ni mtu anayewapa jamaa zake walichokidai, kwa upendo, kisha anawaaga, kwa sababu nyimbo zinazofuata hazitakuwa hivyo.

A Queens Story ndiyo inayofuata. Kuna sehemu anajikuta klabuni, mweusi peke yake katikati ya watoto wa kitajiri, akijiuliza wale waliokuwa wakihangaika naye mtaani wameishia wapi, kama huku ndiko juu kwenyewe. Nataka nikae hapa kidogo. Kijana wa miaka 20 hawezi kuuandika mstari huu, hata awe na kipaji gani. Kijana anaota kuingia klabu ile. Anayeweza kuuandika ni mtu aliyeingia, akaagiza kinywaji, akageuka kumtafuta wa kugonga naye glasi, akakuta hayupo. Kwa kuwa wengine wamekufa, wengine wako jela, na waliobaki mlinzi wa mlangoni hawezi kuwaruhusu. Kila mtu aliyehama uswahilini akajenga Goba au Mbezi Beach anaijua ile hali, hata kama hajawahi kukanyaga klabu. Jumapili unawasha gari unakwenda Ngamiani, unakuta meza ya bao ina watu wengine.

Kisha Accident Murderers, kuhusu risasi zinazoua asiyekusudiwa na watu wanaopata sifa ya uuaji kwa bahati mbaya. Nas hapa ana hasira ya mzazi. Alipokuwa kijana aliwasimulia wauaji kama shahidi aliyejibanza dirishani. Sasa anawaambia usoni kwamba hawana lolote.

Na baada yake, Daughters.

Binti yake mkubwa alizaliwa Juni 1994, miezi miwili tu baada ya Illmatic. Yaani mtoto na albamu ni marika. Wakati Life Is Good inatoka alikuwa ametimiza miaka 18. Katika wimbo Nas anasimulia kwamba alimkuta akimwandikia barua kijana wa rika lake aliyeko jela. Kisha asubuhi moja anapigiwa simu kuambiwa watu wanamsema mtandaoni: binti kapanga kondomu kwenye kabati la kioo, kapiga picha, kaweka Instagram. Baba anahamaki. Halafu anafanya jambo ambalo sijalisikia kwa wachanaji wengi: anajiuliza ana haki gani. Mtoto amemwona akibadilisha wanawake. Amesikia hadithi za baba yake za mtaani, zile zile ambazo sisi tuliziandika kwenye madaftari kule Tanga. Akija kuolewa na jambazi, Nas anasema, hataweza kukasirika.

Mtu aliyejenga jina lake kwa kusimulia maisha ya mtaani anagundua kwamba kulikuwa na mtoto mlangoni anasikiliza. Kwa mkongwe wa rap sijui kama kuna mada nzito kuliko hii. Na ili uiimbe lazima kwanza uwe umeziimba zile za ujanani, na zimependwa, na zimekuwa klasiki. Daughters haisimami bila Illmatic. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme kuna aina ya klasiki ambayo mkongwe pekee ndiye awezaye kuitoa, kwa vile kijana bado hana deni la kulipa.

Wana-kijiwe watauliza kuhusu Summer on Smash, na wana haki. Ule ndio wimbo niliousema. Ni wimbo wa redio wa kiangazi, umewekwa katikati ya albamu ya mtu anayehesabu makaburi na talaka, na kila ninapoufikia naruka. Ningekuwa na uwezo ningeufuta. Lakini sikubali kwamba doa moja linaondoa ukubwa wa kazi. Cherry Wine peke yake inatosha kulipia. Sauti ya Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza, inaingia pale, na Amy alikuwa amekufa Julai 2011, mwaka mmoja kabla. Yeye na Nas walizaliwa tarehe moja, 14 Septemba, wakipishana miaka kumi kamili. Wimbo ni wa mtu mpweke anayetafuta mwenza wa kunywa naye kikombe cha divai na kuelewana. Anayemjibu ni marehemu. Mchanaji Heavy D naye, aliyeshiriki kutengeneza biti ya The Don, alifariki Novemba 2011 bila kuiona albamu imetoka. Kwa mtu wa miaka 38 ni wafu wengi.

Halafu inafika ya mwisho, Bye Baby, wimbo wa talaka yenyewe. Anataja mawakili, anataja mshauri wa ndoa waliyemwendea. Anasema angalau alijaribu, na kwamba wamepata mtoto wa kiume. Anatamani safari nyingine achague vizuri zaidi. Hakuna tusi ndani yake.

Ili uone uzito wa jambo hilo la kutotukana, kumbuka Nas alitoka wapi. Mwaka 2001 Jay-Z, mchanaji mwenzake wa New York, alimvua nguo hadharani katika wimbo wa Takeover, na Nas akajibu kwa Ether, wimbo wenye matusi hata jina lake likageuka kuwa neno la kumteketeza mtu kwa maneno. Tuliupenda mno. Tulikuwa tunaupiga kwenye kibanda cha kinyozi mpaka wateja watu wazima wanaomba uzimwe. Wawili wale walipatana jukwaani New Jersey mwaka 2005, na mwaka uliofuata Nas akaingia Def Jam, kampuni ambayo Jay-Z alikuwa rais wake. Ninachotaka kusema ni kwamba kijana akivuliwa nguo anapigana.

Wahenga wetu wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilipoliona lile jalada, baada ya mshtuko wa kwanza, msemo huu ndio ulionijia. Habari za ndoa yake zilikuwa zimezagaa kila gazeti la udaku la Marekani. Angeweza kuandika Ether ya pili, ya mkewe, na ingeuza sana. Akakaa chini, akaliweka gauni juu ya goti, akatulia mbele ya kamera. Niliona ni kuchutama kwenyewe kule. Nikaona pia njia ya kuishi na kipande changu cha kanga kabatini. Sitaki kukuza mambo, lakini mwaka ule nilikuwa na maneno mengi mabaya ya kumsema mama wa binti yangu, na watu walikuwa tayari kuyasikiliza. Sikuyasema.

Kwa miaka sita nilisimama hapo. Kisha Aprili 2018 Kelis alitoa mahojiano akasema ndoa ile ilikuwa na kupigwa na mateso ya akili. Septemba ya mwaka huo Nas alikanusha kwa maandishi marefu. Mimi sikuwepo ndani ya nyumba yao na sitajifanya hakimu. Ila siwezi kuandika juu ya albamu hii na kujifanya sikusikia. Usiku ule niliipiga Bye Baby kutoka mwanzo hadi mwisho nikagundua jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: anayeongea ni mmoja. Na lile gauni. Nilikuwa nimesema muungwana kachutama akajisitiri, na sikujiuliza kajisitiri kwa nguo ya nani. Gauni ni la Kelis. Yeye ndiye aliyelivaa. Nas alilichukua akalifanya jalada, na dunia nzima, pamoja na mimi, tukamwonea huruma mwenye goti.

Kuna mtu atasema basi klasiki imekufa. Nimeliwaza sana hilo. Jibu langu limekuja taratibu, na limepitia kwenye albamu nyingine, 4:44 ya Jay-Z, iliyotoka 30 Juni 2017.

Jay-Z alikuwa na miaka 47. Nyimbo ni kumi, dakika kama 36, na biti zote zimesimamiwa na mtu mmoja, No I.D. yule yule. Mahasimu wawili wa mwaka 2001 wameingia utu uzima kwa mkono wa fundi mmoja wa Chicago! Kwenye wimbo wenye jina la albamu, ambao Jay-Z alisema aliamka saa kumi na dakika 44 za alfajiri kuuandika, No I.D. alimchagulia sauti ya Hannah Williams, mwimbaji wa Uingereza, katika wimbo wa mtu anayekiri kumuumiza mpenzi wake. Kwa maneno mengine alimfungia njia. Juu ya biti ile huwezi kujisifia magari. Jay-Z akaomba msamaha kwa kumsaliti mkewe, na akasema wazi anachokiogopa: siku watoto wake watakapolijua hilo.

Wengi husifu ujasiri wake. Mimi nasifu mpangilio. Mkewe, Beyoncé, alikuwa ameshatoa albamu yake ya Lemonade, juu ya usaliti huo huo, Aprili 2016, mwaka mzima kabla. Mke alisema kwanza, kwa sauti yake, kwa kirefu, dunia ikamsikiliza. Ndipo mume akaja kuitikia. Na kwenye wimbo wa Smile, unaoeleza kwamba mama yake ni mwanamke anayependa wanawake na aliyeficha hilo kwa miaka mingi, anayefunga wimbo ni mama mwenyewe, Gloria Carter, akisoma maneno yake. Mwanawe alinyamaza akampisha. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye Life Is Good. Binti anazungumziwa na hazungumzi. Mke ni gauni.

Na bado, nikiambiwa nichague moja ya kubaki nayo, nachagua ya Nas. 4:44 ni kazi iliyofikiriwa, imenyooka, na mashauri yake kuhusu ardhi na mali kwa watu weusi ni mazuri, ingawa ile habari ya jengo la milioni mbili ambalo hakulinunua haigusi maisha yangu popote. Life Is Good ni ya mtu ambaye hajamaliza kuelewa kilichompata. Ameingia studio maji yakiwa bado shingoni. Kwa hiyo anakosea ndani ya albamu, na unamsikia akikosea, na miaka inavyokwenda msikilizaji anaona alichokuwa hakioni mwimbaji. Albamu zake sita na prodyuza Hit-Boy, kuanzia King's Disease ya mwaka 2020 iliyompa Grammy yake ya kwanza, zina ufundi wa kustaajabisha kwa mtu wa umri ule. Nazipenda. Hazijawahi kuniamsha usiku.

Kwetu hapa nyumbani albamu ya namna hii ni adimu, na nadhani sababu si ukosefu wa vipaji. Soko la kanda la Kariakoo lilikufa, wasanii wakahamia kwenye wimbo mmoja mmoja, na mkongwe mwenye mambo ya kusema akatafuta ukumbi mwingine. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini. Profesa Jay, aliyetuchekesha na Ndiyo Mzee, wimbo wa mwanasiasa mwenye ahadi hewa, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Hebu fikiria angekaa na prodyuza mmoja miezi mitatu akatuchania yote hayo: aliyetunga Ndiyo Mzee anaposimama mwenyewe kuomba kura. Ningeinunua albamu hiyo kwa bei yoyote.

Binti yangu sasa ana miaka 15. Anaishi kwa mama yake Kigamboni na huja kwangu likizo. Mwezi wa sita alikaa na mimi sebuleni, nikampigia Daughters, nikamfasiria mstari kwa mstari, nikisimamisha pale panapohitaji maelezo. Nilidhani ataguswa. Alisikiliza mpaka mwisho, simu yake imelala kifudifudi mezani, kisha akaniuliza:

"Baba, huyo dada aliulizwa kabla wimbo haujatoka?"

Nikamwambia sijui.

"Maana ile picha ya Instagram watu wangeisahau baada ya wiki moja. Wimbo mpaka leo tunausikiliza."

Sikuwa na la kumjibu. Alinyoosha mkono akairudisha nyuma, mpaka kwenye ile ya treni, akasema hii ndiyo nzuri. Kipande cha kanga anakitumia yeye siku hizi, anajifunga kichwani akilala. Sijawahi kumwambia ni cha nani, na nadhani anajua. Nimeandika haya yote na kabla ya kuyaweka hapa nilimpa asome. Amefuta sentensi mbili.